Faili Halipimwi kwa Kelele: Namna Mwendesha Mashtaka Anavyoamua Kesi ya Kupeleka Mahakamani

Hotuba ya dawati la mahusiano ya polisi na jamii kwa wakazi wa mpakani, Busia



Katika mikutano yetu yote na wananchi wa mpakani, swali moja halikosi kuulizwa. Huulizwa hivi: “Mwizi tulimkamata sisi wenyewe, tukamkabidhi kituoni akiwa hai, na siku ya tatu tukamwona sokoni anakunywa chai. Nani amemwachia, na kwa shilingi ngapi?” Swali hili limebeba uchungu na limebeba shutuma, nasi hatulikimbii. Tunajua kwamba swali hilo lisipojibiwa na wenye dhamana, hujibiwa na umati barabarani kwa mawe na matairi. Mwaka baada ya mwaka ripoti za Polisi ya Uganda zinaonyesha mamia ya watu waliouawa na umati. Baadhi yao walikuwa wezi. Baadhi hawakuwa na kosa lolote ila kufananishwa.

Kwa hiyo leo tunataka tufungue faili mbele yenu, si faili la mtu fulani, bali faili kama faili: linaanzia wapi, linapita mikononi mwa nani, linapimwa kwa mizani gani, na kwa nini mengine hufika mahakamani na mengine hufungwa.

Hali ya uhalifu

Tuanze na hesabu. Kwa nchi nzima ya Uganda, makosa yaliyoripotiwa polisi yalikuwa 231,653 mwaka 2022, yakawa 228,074 mwaka 2023, na yakashuka hadi 218,715 mwaka 2024. Mwelekeo ni wa kushuka, na wizi ndio unaoongoza miongoni mwa makosa hayo. Hata hivyo tunawasihi msiridhike na hesabu hizo peke yake. Takwimu za polisi huhesabu kilichoripotiwa. Mama aliyepigwa na akanyamaza hamo. Binti aliyeharibiwa, kisha familia mbili zikakaa chini na kugawana mbuzi, hamo. Mchuuzi aliyeibiwa katika njia ya panya na akaogopa kueleza alikuwa akipita wapi, naye hamo.

Mpakani uhalifu una sura yake. Pikipiki inayoibwa usiku yaweza kuwa nchi nyingine kabla mwenyewe hajafika kituoni. Ng'ombe huvushwa mto na kuchinjwa kabla hakujapambazuka. Injini ya boti huondoka upande mmoja wa ziwa na kuuzwa upande wa pili. Tapeli wa simu hukaa nchi hii akatumia laini ya nchi ile. Anayebadilisha fedha mkononi humhesabia mgeni noti halali na kumkabidhi za bandia. Juu ya hayo kuna makosa yasiyojua mpaka kabisa: ukatili wa majumbani, unajisi wa watoto, na ugomvi wa mashamba unaoishia kwa panga.

Mhalifu wa mpakani anategemea mambo mawili. La kwanza ni kwamba hatua chache tu zinamtoa chini ya sheria moja na kumwingiza chini ya nyingine. La pili ni kwamba mashahidi watachoka: yule wa upande wa pili hatavuka kuja kutoa ushahidi, na yule wa upande huu atakubali yaishe nyumbani. Faili linapodhoofika, mara nyingi limedhoofikia hapo.

Nani mwenye uamuzi

Wananchi wengi huamini kwamba polisi ndio wanaoamua nani ashtakiwe. Sivyo. Polisi hupokea taarifa, hupeleleza, hukamata, na hukusanya ushahidi. Uamuzi wa kumshtaki mtu mahakamani ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kupitia mawakili wa serikali waliowekwa wilayani. Ibara ya 120 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mamlaka ya kuelekeza polisi wapeleleze jambo lenye sura ya jinai, kufungua mashtaka, kuyachukua mashtaka yaliyofunguliwa na mwingine na kuyaendeleza, na kuyasimamisha. Ibara hiyohiyo inamtaka azingatie mambo matatu: maslahi ya umma, maslahi ya utoaji wa haki, na ulazima wa kuzuia taratibu za sheria zisitumiwe vibaya. Tena inasema kwamba katika kazi hiyo hapokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote.

Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Maana yake ni kwamba kamanda wa polisi wa wilaya hawezi kumwamuru wakili wa serikali amshtaki fulani. Mbunge hawezi. Tajiri hawezi. Umati uliojaa nje ya kituo nao hauwezi, hata ukiimba hadi jua lizame.

Ndugu zetu wa Kenya wana utaratibu unaofanana na huo katika ibara ya 157 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na Mkurugenzi wao wa Mashtaka ametoa mwongozo ulioandikwa unaowataka waendesha mashtaka wapime kila faili kwa hatua mbili: kwanza ushahidi, kisha maslahi ya umma. Tanzania nayo ina Mkurugenzi wa Mashtaka anayetajwa katika ibara ya 59B ya Katiba yake. Basi ukivuka daraja, majina ya ofisi na namba za fomu hubadilika, lakini mizani ni ileile.

Kabla ya kufika kwenye mizani hiyo, tuseme kuhusu saa. Katiba ya Uganda, ibara ya 23, inasema mtu aliyekamatwa kwa tuhuma za jinai afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 48 kupita. Saa hizo hazijali kwamba daktari hajaandika ripoti, wala kwamba shahidi yuko Mumias na atarudi Jumamosi. Ikiwa upelelezi haujatosha kufungua mashtaka, mtuhumiwa hutolewa kwa dhamana ya polisi na kutakiwa aripoti kituoni siku atakazopangiwa. Huyo ndiye mnayemwona sokoni. Hakusamehewa, wala faili lake halijafungwa. Dhamana ya polisi ni karatasi inayosema: tunakuita tena. Nayo haina malipo. Anayedai shilingi ili aisaini anatenda kosa.

Vilevile mtu akishafikishwa mahakamani na kushtakiwa, Katiba haikubali asahauliwe mahabusu. Akiwa amekaa siku 60 rumande kwa kosa ambalo mahakama za chini zaweza kulisikiliza, au siku 180 kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake, na kesi yake haijaanza kusikilizwa au haijapelekwa Mahakama Kuu, ana haki ya kupewa dhamana. Kwa hiyo mwendesha mashtaka anayeharakisha mashtaka ili kuwaridhisha watu, huku faili likiwa tupu, hajawasaidia. Ameiwasha saa ambayo itamgeuka.

Swali la kwanza: je, ushahidi unatosha?

Wakili wa serikali akilifungua faili haulizi, “Je, huyu mtu ni mbaya?” Huuliza, “Nikisimama mbele ya hakimu na faili hili, nitathibitisha nini, na kwa mdomo wa nani?” Mahakamani mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitike vingine. Mzigo wa kuthibitisha uko upande wa mashtaka, nao ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa aweza kunyamaza kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na bado akaachiwa.

Kila kosa lina nguzo zake. Tuchukue mfano wa pikipiki iliyoibwa. Lazima ithibitike kwamba pikipiki ilikuwepo na ni mali ya mlalamikaji, kwamba ilichukuliwa bila ridhaa yake, kwamba aliyeichukua alikusudia kumnyima mwenyewe moja kwa moja, na kwamba aliyeichukua ni huyu aliyesimama kizimbani. Nguzo moja ikikosekana, nyumba haisimami. Mara nyingi inayokosekana ni ile ya kwanza, ambayo watu huiona ndogo: mlalamikaji alinunua pikipiki kwa mtu, hakubadilisha umiliki, karatasi ina jina la mwingine, na huyo mwingine hajulikani aliko. Wakili wa mshtakiwa huanzia hapohapo.

Nguzo inayoangusha kesi nyingi kuliko zote ni ya utambuzi. Tangu mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa neno la shahidi mmoja aliyemwona katika mazingira magumu, na mahakama zetu zimeendelea na onyo hilo hadi leo. Hakimu atauliza: kulikuwa na mwanga gani? Ulikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa ukimjua kabla? Shahidi aweza kuwa mkweli kabisa, na bado akawa amekosea. Ndiyo maana kauli ya “nilimjua kwa kivuli chake” haiwezi kubeba kesi peke yake.

Kuna na jambo la kusikia. Kijiji kizima chaweza kujua nani mwizi. Lakini “kijiji kinajua” maana yake mara nyingi ni kwamba mtu mmoja aliona, akamwambia wa pili, na wa pili akawaambia wengine mia. Mahakama inamtaka yule mmoja. Asipojitokeza, wale mia hawana kitu cha kusema kizimbani.

Na vipi mtu akikiri? Huku Uganda, maungamo aliyoyatoa mtuhumiwa mbele ya askari wa cheo cha chini hayapokelewi. Sharti yatolewe mbele ya hakimu au mbele ya afisa wa polisi kuanzia cheo cha mkaguzi msaidizi. Hata hapo, yakionekana yametokana na kipigo, kitisho au ahadi, hutupwa. Kwa hiyo watu wanapomfikisha mtuhumiwa kituoni akiwa amevimba uso, na kutuambia kwa furaha kwamba “ameshakiri”, wajue kwamba wameukata mkono wa kesi yao wenyewe. Kila neno alilosema limekuwa na doa, na wakili wake atawaonyesha mahakama makovu.

Tutoe mifano miwili sambamba, yote ya kufikirika, ili tofauti ionekane. Katika faili la kwanza, pikipiki imeibwa saa nne za usiku. Mwenyewe ameripoti asubuhi ya siku ya tatu, hakumbuki namba ya chesesi, na shahidi pekee ni kijana anayesema alimwona mtuhumiwa akipita “kama mwenye wasiwasi”. Katika faili la pili, wizi ni uleule. Lakini mwenyewe amepiga simu usiku uleule, kituo kimeandika taarifa na namba za chesesi na injini, polisi wa upande wa pili wamejulishwa, na alfajiri pikipiki imekamatwa na mtuhumiwa akiwa ameipanda, hana maelezo ya maana ya alikoipata. Sheria inasema mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, na akashindwa kueleza alivyoipata, mahakama yaweza kuhitimisha kwamba yeye ndiye mwizi au ni mpokeaji wa mali ya wizi. Faili la pili litakwenda mahakamani. La kwanza litarudishwa kwa upelelezi zaidi, na pengine litafungwa. Mwizi aweza kuwa ni yuleyule katika yote mawili. Kilichotofautiana ni ushahidi, na ushahidi ulitofautiana kwa sababu ya saa chache na karatasi moja.

Swali la pili: je, maslahi ya umma yanadai mashtaka?

Faili likivuka swali la kwanza, bado kuna la pili. Si kila kosa linaloweza kuthibitishwa lapasa kufika kizimbani. Mwendesha mashtaka huangalia uzito wa kosa na madhara yake, umri na hali ya mtuhumiwa, hali ya aliyedhurika, kama kosa limekithiri katika eneo, kama mtuhumiwa amelirudia, kama hasara imelipwa, na kama mashtaka yenyewe yanatumiwa kuwa silaha katika ugomvi mwingine.

Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai Uganda, na Kenya nayo imeweka umri huohuo katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Kijana aliyeiba kuku kwa mara ya kwanza, akamlipa mwenyewe na akaonywa mbele ya wazazi, huenda asipelekwe mahakamani, na kijiji kisidhani kimeonewa. Majirani waliopigana makofi kilabuni wakapatana, sheria yenyewe inaihimiza mahakama iwapatanishe, maana ni kosa dogo la mtu na mtu. Malalamiko ya kuingia shambani kwa jinai, yanayoletwa wiki moja baada ya ndugu kushindwana juu ya urithi, mwendesha mashtaka huyatazama kwa jicho la tahadhari. Mara nyingi hilo ni shauri la madai lililovishwa kanzu ya jinai.

Lakini tusieleweke vibaya. Yapo makosa ambayo mapatano ya familia hayana nguvu juu yake. Unajisi wa mtoto aliye chini ya miaka 18 si mali ya wazazi kusamehe. Mbuzi wawili na noti za kulipia karo havifuti kosa hilo, na aliye chini ya miaka 14 akidhurika, sheria inalihesabu kuwa kosa kubwa zaidi la kusikilizwa na Mahakama Kuu. Mashtaka ya jinai hufunguliwa kwa jina la Uganda, si kwa jina la baba wa mtoto. Mzazi akisema amesamehe, mwendesha mashtaka hulichukulia neno hilo kuwa dalili kwamba shahidi ameguswa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukoo ulioficha jambo hili mara moja hulikuta limerudi katika nyumba ya pili.

Kwenye magendo pia mizani hii hufanya kazi. Mama anayevusha nyanya na vitenge kwa kichwa si sawa na mtu anayevusha lori la sigara zisizolipiwa ushuru, na mashtaka hayawezi kuwatendea kana kwamba ni sawa. Tena akina mama wengi hupita njia ya panya bila sababu. Chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizotengenezwa au kukuzwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha uasili mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Anayepita kwenye kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Busia mwaka 2018, ana karatasi mkononi. Anayepita kichakani hukutana na wanaomnyang'anya, wakijua hatathubutu kuripoti.

Mambo ya ng'ambo ya mstari

Kuna lawama nyingine: “Mwizi wetu yuko pale, tunamwona kwa macho, na polisi wa huku hawavuki kumchukua.” Ni kweli, hatuvuki, na hatupaswi kuvuka. Askari wa Uganda hana mamlaka ya kukamata akiwa katika ardhi ya Kenya, wala wa Kenya katika ardhi ya Uganda. Mtu akisukumwa mstari usiku bila utaratibu, wakili wake ataanza kwa kuuliza alifikaje, na kesi iliyokuwa na nguvu itageuka kuwa kesi juu ya haki zake. Njia iliyo halali hupita mahakamani: hati ya kukamata, ombi la kurudishwa, na hakimu wa upande wa pili kuridhika. Ni njia ndefu, lakini mtu aliyekuja kwa njia hiyo hana pa kuchomokea.

Hata hivyo si kila jambo linangoja hati. Polisi wa nchi zetu wameshirikiana chini ya Shirikisho la Wakuu wa Polisi wa Afrika Mashariki tangu mwaka 1998, na taarifa ya mali iliyoibwa yaweza kufika upande wa pili kwa simu moja. Tena sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania zinamwadhibu anayepokea au kushika, hali akijua, mali iliyoibwa nje ya nchi. Kwa hiyo ikiwa mwizi wa pikipiki yenu hawezi kurudishwa leo, mnunuzi aliyeipokea kule aweza kushtakiwa kulekule, mradi ushahidi wa umiliki na wa wizi uvuke mpaka. Na ushahidi huvuka kwa miguu ya mashahidi. Tunaomba waliovuka kuja kusikiliza leo wavuke pia siku watakapoitwa mahakamani.

Linalofaa kufanywa na kila mmoja wetu

Tumesema mengi juu ya ofisi. Sasa tuseme juu ya mikono yenu.

Kwanza, ripoti mapema, hata usiku, kwa 999 au 112, na udai namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Taarifa ya saa ya kwanza ina nguvu kuliko ya siku ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuitunga.

Pili, andika namba za chesesi na injini, piga picha za mali, hifadhi risiti, alama mifugo yako, na badilisha umiliki unaponunua. Karatasi iliyomo sandukuni leo ndiyo shahidi wako wa kesho.

Tatu, anayejeruhiwa apate Fomu ya Polisi namba 3, na aliyeingiliwa kwa nguvu au kunajisiwa apate namba 3A, kisha aende hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo alizovaa. Afike ndani ya saa 72, ili pia apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Asiye na fomu asingoje fomu: matibabu kwanza. Fomu hizo haziuzwi.

Nne, pahali pa tukio paachwe palivyo. Panga lililookotwa na mikono kumi halina tena la kusema.

Tano, aliyeona aseme alichoona, wala asiongeze. Njia ya mwongo ni fupi. Shahidi mkweli aliyetia chumvi mara moja hupoteza na ule ukweli aliokuwa nao.

Sita, mkimkamata mtuhumiwa, mfikisheni akiwa mzima. Tunalisema kwa uzito. Mwizi aliyeuawa hataji aliyemnunulia, hataji aliyemvusha, hataji pikipiki nyingine ziliko. Ameondoka na mtandao mzima kifuani. Nao waliomuua wamejitengenezea faili la mauaji, na siku hizi faili hilo huja na picha za simu walizozipiga wenyewe.

Faili likifungwa

Je, mwendesha mashtaka akiamua kutoshtaki, ndio mwisho? La. Mlalamikaji ana haki ya kuuliza sababu katika ofisi ya wakili wa serikali wa wilaya, na ya kumwandikia mkuu wa kanda au Mkurugenzi mwenyewe akiomba faili lipitiwe upya. Faili lililofungwa kwa upungufu wa ushahidi laweza kufunguliwa tena ushahidi mpya ukipatikana, kwa kuwa kufungwa kwa faili si hukumu ya kwamba mtu hana hatia. Sheria pia inamruhusu mtu binafsi kwenda mwenyewe mbele ya hakimu na kufungua mashtaka. Mkurugenzi aweza kuyachukua mashtaka hayo, lakini hawezi kuyasimamisha bila ridhaa ya mahakama. Hicho ni kinga ya mwananchi, nacho kimo ndani ya Katiba.

Wala hatusemi kwamba hongo haipo. Mwenye ushahidi kwamba askari amepokea fedha ili faili lipotee, aende katika kitengo cha polisi kinachosimamia maadili ya askari, au kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, aseme jina, siku, mahali na kiasi. Malalamiko nayo ni faili, hupimwa kwa mizani ileile ya ushahidi. Tunachokataa ni kauli ya kwamba kila aliyetoka kituoni amenunua mlango. Wengi wametoka kwa sababu saa 48 zilikwisha na aliyewaona akitenda kosa alikuwa nyumbani kwake, amefunga mlango, anangoja mwingine aseme.

Ndugu zetu, mwendesha mashtaka hana macho kijijini. Anayo karatasi tu, na karatasi hiyo huandikwa kutokana na vinywa vyenu. Hakimu naye hajui kilichotokea Sofia au Majanji isipokuwa kwa yule anayesimama, akala kiapo, na kusema: nilikuwepo, niliona. Kesi nyingi za mpakani huamuliwa mapema kabla ya mahakama kuketi, siku ile aliyeona anapoamua kusema au kunyamaza.

 Wakili wa serikali wa wilaya na maafisa wa upelelezi wamekaa pamoja nasi hapa mbele. Aulize mwenye swali, naye aliye na jambo asiloweza kulisema mbele ya watu, tutabaki hadi wa mwisho aondoke.